KITABU KINACHOLIPIWA MBELE YA KUCHAPWA

Jioni moja kisha mazoezi ya kwaya kijana mumoja alinifuata mpaka nyumbani. Chini ya mukono alishika kaye tatu zilizofungwa na kamba. Akaziweka juu ya meza, akakaa kimya. Nilipomuuliza, akasema:

"Pasta, ni kitabu. Niliandika maisha ya nkambo, vile aliingia ku mugodi angali kijana, na vile alitoka. Nimemaliza. Nilienda ku imprimeri, wakaniambia dola 700 kwa vitabu 200. Mi sina hata dola 20. Rafiki ananiambia kuko namna ingine: bantu banalipa mbele, unachapa nyuma. Ni kweli ao ni bongo?"

Nilimujibu kwamba ni kweli. Kisha nikamwambia akae vizuri, maana jambo hili halielezwe kwa neno moja, na mimi mwenyewe nilianguka ndani yake. Yale niliyomwambia ndiyo ninayoandika hapa, juu ya wengine wanaoficha kaye zao chini ya kitanda.

NJIA MBILI

Kwa desturi kitabu kinapita kwa muchapishaji. Mwandishi anamutumia maandiko yake. Muchapishaji anayasoma, na kama anaona kwamba yatauzwa, analipa kila kitu: kusahihisha, karatasi, mashini, na kupeleka vitabu kwenye maduka. Kama kitabu hakiuzwe, hasara ni yake. Kwa sababu hiyo faida kubwa ni yake vilevile, na mwandishi anapata sehemu ndogo, mara nyingi karibu 10 kwa 100 ao chini yake.

Huo si wizi. Anayebeba hasara ndiye anayechagua. Lakini atachagua nini? Kile kitakachonunuliwa na watu wengi. Maisha ya mufanya kazi wa mugodi wa Kolwezi ao wa Likasi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chetu, hayatauzwa Paris wala Bruxelles. Muchapishaji anaweza kuyakataa hata kama yameandikwa vizuri sana.

Kuko pia wanaojiita wachapishaji, wanaokubali maandiko yote, lakini wanadai mwandishi alipe yote. Mutu wa namna hii ni mwenye mashini anayeuza kazi yake. Hakuna ubaya, lakini ujue unanunua nini: unanunua karatasi zenye wino. Wasomaji utawatafuta wewe mwenyewe.

Njia ya pili ndiyo hii ya kijana wetu. Mwandishi anatangaza kitabu, bei yake na siku yake. Mwenye kukitaka anaandikisha jina na kutoa feza, yote ao nusu. Feza zikienea, zinaenda kwa mwenye mashini. Sisi wote tunajua likelemba: kila mwezi wote wanachanga, mumoja anabeba. Mambo haya mawili yanafanana kwa jambo moja, ni kuaminiana. Lakini katika likelemba kila mutu atapata zamu yake ya feza. Hapa watu wote wanamupa mumoja tu, na zamu yao ni kitabu. Kitabu kisipotoka, wamepoteza.

MUAFRIKA ALIYEUZA KITABU MBELE YA KUKICHAPA

Vijana wengi wanazani jambo hili lilizaliwa na telefoni. Hapana. Katika Uingereza ya miaka ya 1700 vitabu vingi vilichapwa namna hii, na majina ya walioandikisha yalichapwa ndani ya kitabu. Mumoja wa wale walioitumia njia hii kwa akili nyingi alikuwa Muafrika, mutumwa wa zamani. Jina lake Olaudah Equiano.

Kufuatana na masimulizi yake mwenyewe, alizaliwa karibu mwaka 1745 katika watu wa Igbo, inchi inayoitwa leo Nigeria. Aliibwa angali mutoto, akauzwa ngambo ya bahari. Alibatizwa London mwaka 1759. Kisha alifanya kazi katika meli za biashara, na humo akaanza kuchuruza kidogo kidogo kwa faida yake. Alianza na peni 3 tu. Alinunua glasi moja ya kunywea katika kisiwa cha Sint Eustatius, akaiuza Montserrat kwa peni 6. Kutoka kwa glasi ile aliendelea kuongeza, mpaka mwezi wa 7 mwaka 1766, siku aliyolipa paundi 40 na kujinunua mwenyewe. Mutu aliyejua hesabu ya peni 3 hakushindwa na hesabu ya kitabu.

Alipoandika maisha yake, hakuuza maandiko kwa muchapishaji ili apewe feza mara moja na kuondoka. Alitangaza kitabu, akaomba watu waandikishe majina na kulipa nusu ya bei mbele. Kitabu kilipotoka London mwaka 1789, orodha ilikuwa na majina 311. Ndani yake alikuwamo mwana wa mufalme. Alikuwamo Hannah More, mwandishi mukristo, na Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo. Alikuwamo pia Ottobah Cugoano, Muafrika mwenzake aliyekuwa mutumwa kama yeye.

Angalieni kazi ya orodha ile. Ilileta feza za karatasi na mashini. Lakini ilimushuhudia pia. Wakati ule wenye biashara ya watumwa walisema kwamba mutu mweusi hawezi kuandika, na neno lake haliwezi kuaminiwa. Musomaji akifungua kitabu anakuta majina ya watu 311 waliomuamini mbele ya kukiona kile kitabu.

Na Equiano hakukaa nyumbani kungojea wanunuzi. Alitembea na kitabu chake Birmingham, Manchester, Scotland na Ireland. Katika barua moja aliandika kwamba Ireland peke yake aliuza vitabu 1,900. Katika maisha yake kitabu kilichapwa mara 9, na orodha ya majina ikapita 800. Haki ya kitabu ilibaki mukononi mwake. Alikufa mwaka 1797. Mwaka 1816 binti yake Joanna, alipotimiza miaka 21, alipokea urizi wa paundi 950. Mbele ya siku ile, mwaka 1807, Uingereza ilikuwa imekwisha kukataza biashara ya watumwa, na wenye kuandika historia wanahesabu kitabu kile kati ya mambo yaliyogeuza mioyo ya watu.

ORODHA AMBAYO HAIKUJAA

Lakini tusiwadanganye vijana. Kuko pia hadisi ya Phillis Wheatley, binti aliyeletwa Boston kama mutumwa mwaka 1761. Aliandika mashairi angali kijana sana. Mwaka 1772 tangazo lilitolewa Boston kutafuta watu 300 wa kuandikisha majina. Hawakupatikana. Kitabu kikachapwa London mwaka 1773, kwa musaada wa mwanamuke mukristo mwenye cheo, Countess of Huntingdon.

Mwaka 1779, akiwa huru sasa, alijaribu tena kwa kitabu cha pili: mashairi 33 na barua 13. Ilikuwa wakati wa vita, feza zilikuwa ngumu. Orodha haikujaa. Alikufa mwaka 1784 katika umasikini, na kaye za kitabu kile cha pili zilipotea.

Basi, orodha ikikosa kujaa, si alama kwamba kitabu ni kibaya. Na wewe musomaji, ujue kwamba jina lako katika orodha lina uzito. Kama watu wa Boston wangalitoa feza zao, leo tungekuwa na vitabu viwili vya Phillis.

SIKU HIZI

Sasa orodha nyingi ziko katika intaneti. Kampuni ya Marekani inayoitwa Kickstarter ilianza mwaka 2009. Mwenye kazi anatangaza: nataka kiasi hiki cha feza mbele ya siku hii. Watu wanaahidi. Kama jumla haifike, hakuna anayelipa hata senti moja. Kama inafika, Kickstarter inakamata 5 kwa 100, na wale wanaopitisha feza wanakamata sehemu yao.

Mwaka 2022 Brandon Sanderson, mwandishi Mumarekani, alitangaza vitabu vinne namna hii. Watu zaidi ya 185,000 walitoa zaidi ya dola milioni 41. Vijana wakisikia hivi macho yanangaa. Lakini sikilizeni maneno mawili. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2005, basi wasomaji walimujua tangu miaka 17. Tena, vitabu vile vinne alikuwa amekwisha kuviandika mbele ya kuomba feza.

London kulikuwa kampuni ya Unbound, iliyoanza mwaka 2011 kwa vitabu tu. Vingine vilisifiwa sana. The Wake cha Paul Kingsnorth kilihesabiwa mwaka 2014 kati ya vitabu vya kushindania zawadi ya Booker. Lakini mwaka 2025 kampuni ile ilishindwa na madeni. Kuko waandishi ambao hawakupata feza zao, na kuko watu waliolipa mbele wakabaki bila kitabu. Unaona? Hata kule kwenye ordinatere na mabanki, feza ya watu inaweza kupotelea katikati ya njia.

Kickstarter inapokea wenye kazi wa inchi fulani tu, na Kongo haimo. Basi orodha yetu itakuwa ya karatasi na telefoni. Si haya. Equiano alikuwa na karatasi tu.

KOSA LANGU

Sasa nieleze mambo yangu mwenyewe. Mwaka 2016 wamama wa kanisa letu waliniomba niandike kitabu cha ushuhuda: wajane wa wafanya kazi wa mugodi wasimulie maisha ya bwana zao, na namna walivyolea watoto nyuma ya kifo. Nilifurahi. Mwezi wa 2 nilisimama mbele ya watu nikatangaza: bei franka 5,000, nusu mbele, kitabu kitatoka mbele ya Noeli. Watu 120 waliandikisha, kila mumoja akatoa franka 2,500. Jumla franka 300,000. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 930. Basi zilikuwa dola 320 na zaidi. Mwenye mashini alidai dola 600 kwa vitabu 200, nusu mbele. Hesabu ilienea.

Kosa la kwanza: nilipokea feza nikiwa sijaandika. Wajane wawili tu ndio walikuwa wamesimulia. Noeli ilifika, nikasema Pasaka. Pasaka ilifika, nikanyamaza.

Kosa la pili: feza zilikaa katika sanduku kama franka, na mashini ilidai dola. Munakumbuka miaka ile. Franka ilianguka, na mwisho wa 2017, nilipomaliza kuandika, dola moja ilikuwa karibu franka 1,600. Zile franka 300,000 zilikuwa zote, hakuna aliyeiba hata moja. Lakini sasa zilikuwa dola 187 tu.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Niliona haya, nikaanza kuwakimbia watu. Nilipita njia za nyuma nisikutane na walioandikisha. Siku moja kwenye matanga mama muzee alinishika mukono. Yeye ndiye aliyeandikisha wa kwanza. Akasema pole pole, wengine wasisikie:

"Pasta, kitabu yetu iko wapi? Mi niko nazeeka. Nilitaka nione jina ya bwana yangu imeandikwa."

Nilimujibu kwamba iko njiani. Haikuwa njiani. Ilikuwa katika sanduku, pamoja na franka.

Nilikaa na neno lile siku nyingi, usingizi haukuja. Mwisho niliomba wazee wa kanisa waite watu wote 120. Nilieleza hesabu mbele yao, franka kwa franka, nikasema makosa yangu matatu. Baba mumoja alinigombeza kwa ukali, na alikuwa na haki. Lakini kijana mumoja akasimama, akauliza: "Kama tunatosha mafoto, na tunapunguza kurasa, bei itakuwa ngapi?" Tulirudi kwa mwenye mashini. Vitabu 150, bila foto, dola 300. Nusu ya mbele ilikuwa dola 150, na sisi tulikuwa na 187. Mwezi wa 4 mwaka 2018 vitabu vilitoka. Watu wakalipa nusu iliyobaki, deni la mashini likaisha.

Mama yule muzee hakukiona. Alikufa mwezi wa 2. Siku ya kugawa vitabu binti yake alikuja na kikaratasi nilichomuandikia mama yake, resu ya franka 2,500. Mama alikitunza ndani ya Biblia yake miaka miwili. Binti akaweka mezani franka 2,500 zingine. Nikamwambia asilipe. Akakataa: "Mama aliandikisha. Deni ya mama ni yetu." Kisha alifungua kitabu, akatafuta jina la baba yake, akawaonyesha watoto wake na kidole. Mimi sikuweza kusema kitu.

KAMA UNATAKA KUANZA

Haya ndiyo nilimuandikia kijana wetu kwenye karatasi:

1. Maliza kuandika kwanza. Mutu mwingine akisome, akisahihishe. Feza zije nyuma.

2. Omba bei kwa maandishi kwa wenye mashini wawili ao watatu. Uliza kurasa ngapi, karatasi gani, jalada gani, na nani atalipa usafiri. Munajua mufano wa Bwana Yesu juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anakaa kwanza, anahesabu. Asipohesabu, watu watamucheka kwenye musingi.

3. Fanya hesabu kwa feza ileile mashini inayodai. Kama mashini inadai dola, badilisha franka siku ileile unapozipokea.

4. Weka mupaka: watu wangapi, na mwisho siku gani. Hesabu isipofika, rudisha kila kitu. Sema hivi mbele ya kupokea franka ya kwanza.

5. Feza isikae kwa mutu mumoja. Weka watu watatu, na kaye ya hesabu. Kila anayetoa apewe resu, hata aliyelipa kwa telefoni. Mutume Paulo, alipobeba muchango wa makanisa, alitaka wengine waende pamoja naye, asipate lawama. Kama Paulo aliogopa lawama, wewe ni nani?

6. Kila mwezi wape habari walioandikisha. Kama habari ni mbaya, ndipo uharakishe zaidi. Watu wanavumilia kuchelewa, hawavumilii kimya.

7. Chapa majina yao ndani ya kitabu.

Na wewe unayeombwa kulipa, uliza maswali. Kitabu kimekwisha kuandikwa? Nani anashika feza? Nisome kurasa mbili tatu kwanza? Mwandishi mwaminifu hatakasirika. Yule anayekasirika, weka makuta yako mufukoni.

Nilipomaliza, kijana alikamata biki, akahesabu palepale. Dola 700 kwa vitabu 200: kila kimoja dola 3 na nusu. Akiuza dola 5, watu 140 wanaenea kulipa mashini yote, na vitabu 60 vinabaki kuwa faida yake. Akaniangalia. "Pasta, 140 ni wengi."

Nikamwambia: "Kwaya yenu iko na watu wangapi? Jamaa ya nkambo wako? Wazee waliofanya naye kazi, na watoto wao? Andika majina, usihesabu kwa kichwa."

Akaandika namba kutoka 1 mpaka 140, mustari kwa mustari, kisha akanigeuzia karatasi ili nianze. Nilikataa. Nilimwambia aniachie kwanza kaye moja. Nilisoma usiku ule mpaka lampi ikazimika, namna nkambo wake alivyopokea kofia ya kazi siku ya kwanza, ikawa kubwa ikimufunika macho. Asubuhi nilituma mutoto amuite. Niliweka jina langu kwenye namba 1, nikamupa dola 5, na nikangoja aniandikie resu.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Katika jamaa yetu, ni nani aliye na masimulizi ambayo hayajaandikwa? Nani kati ya vijana anaweza kuanza kuyaandika mwezi huu?

2. Kuko feza ya watu tuliyopokea kwa kazi fulani, na kazi haijatimia? Tumewaambia ukweli?

3. Kama jirani analeta orodha ya kitabu chake, tutamuuliza nini mbele ya kuandikisha?